Mwongozo Kamili: Namna ya Kusimulia Historia ya Roma ya Kale Hadi Msikilizaji Aulize "Ikawaje?"

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, watangazaji wa redio, waandaaji wa vipindi vya sauti na wasimulizi wa kawaida ambao wamekwisha kujaribu kuwasimulia watu habari za Roma ya kale, wakaona hadhira ikipungua kabla hawajafika nusu. Kushindwa kwao hufanana sana. Msimulizi huanza na kuanzishwa kwa mji mwaka 753 KK, huwapitia wafalme saba mmoja mmoja, huingia katika jamhuri, na anapomfikia Julius Caesar huwa amekwisha kumwaga majina mengi ambayo msikilizaji hakushika hata moja. Wengine, wakitafuta dawa, huongeza vichekesho na kuzua mazungumzo, wakavuna kicheko cha dakika moja na kupoteza imani ya wale wanaoifahamu historia.

Burudani haina haja ya kuletwa kutoka nje. Imo ndani ya maandishi ya watu wa wakati ule, na kazi ya msimulizi ni kuichagua, kuipanga na kuiacha isikike. Ili maelezo yasielee hewani, hatua zote hapa zinafanyiwa kazi kwa tukio moja: mnada wa mwaka 193 BK, ambapo walinzi wa ikulu ya Roma walimuua mtawala wao, kisha wakaiuza nafasi yake kwa aliyefika dau la juu. Ukimaliza utakuwa na kisa cha dakika 30, kinachofaa kusikilizwa redioni, darasani au ukumbini.

## Vinavyohitajika

- Vyanzo vya awali visivyopungua viwili vinavyolizungumzia tukio hilohilo. Kwa mnada wa 193 viko vitatu: Cassius Dio, seneta aliyekuwapo Roma siku hiyo; Herodian, mtu wa kizazi hicho; na maisha ya Didius Julianus katika mkusanyo uitwao Historia Augusta, ambao wataalamu wengi wanaamini uliandikwa karibu miaka 200 baadaye. Tafsiri za Kiingereza ambazo haki miliki zake zimekwisha zinapatikana bure mtandaoni.
- Kitabu kimoja cha mtaalamu wa kisasa, cha kukagulia tarehe na vyeo.
- Ramani moja ya dola inayoonyesha Roma, mto Danube na Shamu (Syria). Zaidi ya hiyo ni mzigo.
- Daftari lenye safu tatu, ambalo matumizi yake yameelezwa katika hatua ya 2.
- Simu ya kurekodia sauti.
- Watu wawili wasiojua lolote kuhusu Roma. Usimchukue mwalimu wa historia, kwa sababu atajaza mwenyewe mapengo ambayo msikilizaji wa kawaida atatumbukia ndani yake.

Angalizo dogo kwa anayemtafuta Dio: hesabu ya vitabu vyake hutofautiana baina ya matoleo, hivyo habari za mnada zinaweza kuonekana chini ya kitabu cha 73 mahali pamoja na cha 74 mahali pengine. Sehemu hiyo ya kazi yake imetufikia hasa kupitia muhtasari wa mtawa aitwaye Xiphilinus wa karne ya 11, kwa hiyo usishangae simulizi ikiruka hapa na pale.

## Hatua ya 1: Chagua siku, usichague kipindi

Kuanguka kwa dola la Roma si kisa. Ni rafu nzima ya maktaba. Tukio linalofaa kusimuliwa lina mahali ambapo msikilizaji anaweza kupaona akilini, lina watu wachache wanaokitaka kitu kimoja, lina uamuzi unaofanywa kabla usiku haujaingia, na lina gharama ambayo mtu fulani atailipa baadaye.

Tarehe 28 Machi 193 inayo yote hayo. Askari wapatao 200 waliingia ikulu na kumuua Pertinax, aliyekuwa ametawala siku 87 tu. Baba mkwe wake, Sulpicianus, mkuu wa jiji, alikuwa ametumwa kambini kuwatuliza askari. Aliposikia kwamba mkwewe ameuawa, akaanza kuitaka nafasi hiyo palepale. Seneta tajiri, Didius Julianus, akafika nje ya ukuta wa kambi na kutaja kiasi chake. Askari wakawa wanakwenda huku na kurudi kule, wakimwarifu kila mmoja mwenzake amefikia wapi na kumuuliza ataongeza ngapi.

Sulpicianus alitangulia kufika sestersi 20,000 (sestersi ni sarafu ya Kirumi) kwa kila askari, na kwa kuwa yeye alikuwa ndani ilielekea angeshinda. Julianus akaacha kuongeza kidogo kidogo. Akapanda 5,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuionyesha hesabu kwa vidole. Akapata. Siku 66 baadaye aliuawa katika ikulu aliyoinunua.

Onyo: usichague tukio kwa sababu tu ni maarufu. Kuuawa kwa Julius Caesar mwaka 44 KK ni jambo kubwa, lakini wasikilizaji wengi wa Kiswahili wanajua litakavyokwisha, baadhi yao tangu shuleni kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Anayejifunza kusimulia afadhali ashike jambo ambalo mshindi wake hajulikani.

Hatua hii imefaulu iwapo unaweza kulieleza tukio kwa sentensi tatu kwa mtu mliyekutana naye kwenye foleni, naye akataka kujua kilichofuata bila wewe kumshawishi.

## Hatua ya 2: Soma vyanzo kwa safu tatu

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayobeba mzigo wa kazi yote, kwa hiyo ipe muda kuliko nyingine zozote.

Katika safu ya kwanza andika kila kitendo kinachoonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Katika ya pili andika nani anayekisimulia na alikuwa wapi siku hiyo. Katika ya tatu andika nani anayempinga, au nani ananyamaza mahali ambapo ungetarajia aseme.

Sababu ni kwamba vitabu vya kisasa, kwa wajibu wao, hufupisha. Kitabu kitakuambia kwamba Julianus alinunua utawala kwa walinzi, na hilo ni kweli, lakini halina sura. Vile vidole vilivyoinuliwa mbele ya ukuta vimo katika Dio, na msikilizaji atavikumbuka vidole hata akisahau jina la mwenye navyo.

Ukimsoma Dio kwa njia hii, safu ya kwanza hujaa haraka. Jioni ile, habari zilipoenea, maseneta walishikwa na hofu, hasa wale waliopewa heshima na Pertinax au waliowahi kumuudhi Julianus. Dio alikuwa na makosa yote mawili: Pertinax alimpandisha cheo, na yeye mwenyewe, akiwatetea watu mahakamani kama wakili, alikuwa amethibitisha mara nyingi kwamba Julianus ana hatia. Wakaona kwamba kubaki nyumbani kungewatia katika shuku. Hivyo wakaoga, wakala chakula cha jioni, wakajipenyeza katikati ya askari na kuingia katika baraza la seneti ili kumsikiliza mtu huyo akijisifu kwamba hakuna anayefaa kutawala kuliko yeye. Kesho yake wakaenda kumwamkia wakiwa wamezipanga nyuso zao ili huzuni isionekane.

Watu wa mjini hawakupanga nyuso. Walimtukana hadharani na kumrushia mawe, na alipowaahidi pesa walipiga kelele kwamba hawazitaki. Kisha wakashika silaha, wakakimbilia uwanja wa mashindano ya farasi, wakakesha humo na kushinda siku iliyofuata bila kula wala kunywa, wakimwita Pescennius Niger, liwali wa Shamu, aje kuwaokoa. Msimulizi mwenye habari hizi mkononi hana haja ya kuzua neno lolote.

Sasa safu ya tatu. Dio anasema kwamba Julianus, alipofika ikulu, alikidharau chakula kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili ya Pertinax, akaagiza vitu vya gharama kutoka kila mahali, akala na kucheza kete huku maiti ingali ndani ya jengo. Historia Augusta inalikana jambo hilo waziwazi: inasema Julianus alikuwa mtu wa kula kidogo, na kwamba hakugusa chakula hadi Pertinax alipozikwa. Kuhusu malipo, Herodian anasema hakuweza kuitimiza ahadi kwa sababu hazina ilikuwa tupu na utajiri wake haukufikia uvumi. Historia Augusta inasema aliahidi 25,000 na akatoa 30,000. Usiusuluhishe ugomvi huu daftarini. Utauhitaji ukiwa hai katika hatua ya 7.

Kila shahidi naye ana walakini wake. Dio alimchukia Julianus na hafichi. Herodian hupenda kukoleza. Historia Augusta inajulikana kwa kutia barua na nyaraka za kubuni, ingawa maisha ya Julianus ni miongoni mwa sehemu zake zinazoheshimika zaidi.

Umefaulu ukiwa na vitendo visivyopungua ishirini katika safu ya kwanza, na angalau migongano miwili katika safu ya tatu. Ukikosa migongano, maana yake umesoma chanzo kimoja tu mara mbili.

## Hatua ya 3: Punguza majina

Majina ya Kirumi ndiyo yanayoua visa vingi. Ni marefu, hurudiwa baina ya baba na mwana, na mengi huishia kwa sauti ileile, hivyo sikio lisilozoea haliwezi kumtofautisha Sulpicianus na Julianus baada ya dakika tano.

Toa majina matano tu kwa kisa cha nusu saa. Kwa mnada huu matano hayo ni Pertinax aliyeuawa, Julianus aliyenunua, Severus atakayekuja na jeshi kumng'oa Julianus, Dio anayetusimulia, na Commodus, ambaye hutajwa mara moja kwa sababu kuuawa kwake tarehe 31 Desemba 192 ndiko kulikofungua mlango. Sulpicianus mwite "baba mkwe" tangu mwanzo hadi mwisho; uhusiano huo unaeleza mengi kuliko jina. Niger abaki "liwali wa Shamu". Wengine wote wapewe kazi zao: mke, binti, akida, baharia.

Vyeo navyo vitafutie neno ambalo msikilizaji analijua tayari. "Liwali" linatosha kwa mtawala wa jimbo, "mkuu wa jiji" kwa yule aliyesimamia Roma, na "walinzi wa ikulu" kwa wale ambao vitabu huwaita Wapretori. Neno la kitaalamu likitajwa, litajwe mara moja, halafu liachwe.

Jina jipya lisiingie katika dakika tano za mwisho kwa hali yoyote.

## Hatua ya 4: Fanya pesa na umbali vipimike

Msikilizaji anaposikia sestersi 25,000 hajui kama ni bei ya mbuzi au ya meli. Jaribu la kwanza linalomjia msimulizi ni kuzigeuza ziwe shilingi, na ni jaribu la kukataliwa. Bei za nafaka, kodi za nyumba na ujira wa kale havilingani na vyetu kwa uwiano mmoja, na shilingi yenyewe itakuwa imebadilika kabla kipindi chako hakijatimiza miaka miwili.

Pima kwa ujira. Askari wa kawaida wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, wakati huo alilipwa dinari 300 kwa mwaka, na dinari moja ilikuwa sestersi nne, hivyo alipata 1,200. Dau la Julianus kwa kila mlinzi lilikuwa sawa na mshahara wa askari huyo kwa zaidi ya miaka 20. Walinzi wa ikulu walilipwa zaidi ya askari wa legioni, na hilo ni sharti lisemwe, lakini hata kwao kiasi kilikuwa cha kulevya. Kipimo cha pili ni bora zaidi kwa sababu kinasimama ndani ya kisa: Pertinax, miezi mitatu kabla, aliwaahidi 12,000. Walimuua, na aliyefuata akaahidi zaidi ya mara mbili.

Umbali upime kwa siku. Severus, liwali wa Pannonia, jimbo la kando ya Danube, alitangazwa mtawala na majeshi yake tarehe 9 Aprili huko Carnuntum, mashariki ya jiji la leo la Vienna. Hizo ni siku 12 tu baada ya mnada. Mwanzoni mwa Juni alikuwa amekwisha kufika Roma pamoja na jeshi lililotembea kwa miguu. Wape wasikilizaji tarehe hizo mbili na uwaache wahesabu. Kasi ya habari na ya miguu ndiyo itakayowaonyesha kwamba Julianus hakuwa na muda.

## Hatua ya 5: Ingia kupitia tukio, kisha rudi nyuma kwa dakika mbili

Anza ukutani. Usianze na mwaka, wala na salamu ndefu, wala na maelezo ya kwa nini historia ni muhimu. Mfano wa mlango unaoweza kuutumia au kuubadilisha ni huu:

*Ndani ya kambi yumo mkuu wa jiji. Nje ya ukuta amesimama seneta tajiri. Katikati wapo askari wanaokwenda na kurudi: mwenzako amefika hapa, je, wewe unaongeza ngapi? Kinachouzwa si shamba wala nyumba. Kinachouzwa ni mamlaka juu ya nchi zote kuanzia Uingereza hadi Misri, na aliyekuwa nayo ameuawa leo hii na haohao wanaouza.*

Hakuna jina hata moja katika maneno hayo, wala tarehe. Msikilizaji amepewa mahali, watu wawili, mali na kosa. Hapo ndipo atakapokubali kurudishwa nyuma, nawe una dakika mbili, si zaidi, za kumpa mambo matatu: kwamba Commodus aliuawa mkesha wa mwaka mpya na kuiacha hazina ikiwa tupu, kwamba Pertinax, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwalimu wa lugha, alijaribu kuwarudisha walinzi katika nidhamu, na kwamba walinzi hao ndio waliokuwa nguvu kubwa ya kijeshi ndani ya jiji, hivyo hakukuwa na wa kuwazuia.

Wakati wenyewe uufunge kwenye jambo linalojulikana. Kwa msikilizaji Mkristo, mnada ulitokea takribani miaka 130 baada ya Mtume Paulo kukata rufaa kwa Kaisari. Kwa Mwislamu anayeijua Surat ar-Rum, Warumi wanaotajwa humo ni wa dola la mashariki, zaidi ya miaka 400 baada ya kisa hiki. Sentensi moja ya namna hiyo hufanya kazi ya ukurasa mzima wa tarehe.

Baada ya hapo mgawanyo wa muda uwe takribani hivi: dakika nane kwa mnada wenyewe, nane kwa usiku wa maseneta na hasira ya watu wa mjini, saba kwa Severus anayekaribia na maandalizi ya kumzuia, na tatu kwa mwisho. Mnada haupaswi kumeza kisa chote. Raha yake kubwa ni kuona mnunuzi akigundua alichonunua.

Mwisho wenyewe unahitaji uamuzi. Wengi wangeishia kwa kifo cha Julianus, ambaye kwa mujibu wa Dio aliwauliza wauaji wake amefanya ubaya gani na amemuua nani. Ni mahali pazuri, lakini wauzaji bado hawajalipa. Endelea hadi kwao. Severus aliwaua waliohusika na damu ya Pertinax. Walinzi waliobaki aliwaita waje kumlaki, akawazungushia jeshi lake, akawavua silaha na kuwafukuza, akiwakataza kuukaribia mji wa Roma ndani ya maili 100. Dio anasimulia kwamba farasi mmoja alikataa kuachana na bwana wake, akamfuata akilia, hata mlinzi yule akamuua farasi na kujiua. Sema hilo kwa sentensi mbili, kisha nyamaza. Ukilifafanua utaliharibu.

Neno kuhusu Severus, kwa sababu wasikilizaji wa Afrika watauliza: alizaliwa Leptis Magna, katika nchi ya leo ya Libya, mwaka 145, na ukoo wake ulichanganya asili ya Kipuniki, yaani ya Wafoinike wa Afrika Kaskazini, na ya Kiitalia. Taja hayo. Usiongeze madai kuhusu sura yake ili kumfurahisha mtu.

## Hatua ya 6: Cheka mahali ambapo shahidi mwenyewe alicheka

Kosa la kawaida ni kumchekesha Mrumi kwa lugha ya vijiweni, kana kwamba Julianus alikuwa dalali wa Kariakoo. Kicheko chake hukauka haraka na humzuia msikilizaji kumwogopea mtu yeyote katika kisa.

Dio ametuachia kicheko chake mwenyewe. Anasema kwamba Severus alipokaribia, mji ulijaa askari, farasi na tembo, kelele zikawa za namna mbalimbali, na wakazi wakajawa hofu. Hata hivyo mara nyingine walishindwa kujizuia. Walinzi wa ikulu walikuwa wamezoea maisha laini na hawakufanya lolote linalostahili sifa zao. Mabaharia walioitwa kutoka kikosi cha majini cha Misenum hawakujua hata kufanya gwaride. Tembo waliona minara waliyofungwa mgongoni ni kero, wakakataa hata waendeshaji na kuwatupa chini. Kilichowachekesha zaidi ni Julianus kuiwekea ikulu milango imara, akiamini kwamba Pertinax asingeuawa kirahisi kama milango ingefungwa.

Simulia mambo hayo kwa mfuatano huo, kwa sauti tulivu, bila kutangulia kusema kwamba yanachekesha. Yanafanya kazi kwa sababu anayecheka ni mtu ambaye anaweza kuuawa kesho, na hofu ikiondolewa kicheko nacho huondoka. Ndiyo maana ile jioni ya kuoga na kula chakula lazima itangulie kusimuliwa.

Onyo lingine ni la kulinganisha na siasa za leo. Kisa cha watu wanaonunua madaraka hakihitaji msaada wako; kila msikilizaji atamfikiria mtu wake. Ukimtaja wewe, nusu ya ukumbi itaanza kubishana na dakika zako zitakwisha.

## Hatua ya 7: Mwonyeshe msikilizaji uzito wa kila dai

Hapa ndipo daftari lenye safu tatu linapolipa. Jiwekee namna tatu za kusema na uzishike kisa kizima. Lililothibitika lisemwe wazi: Pertinax aliuawa tarehe 28 Machi 193. Lenye shahidi mmoja lipewe jina lake: Dio, aliyekuwapo Roma, anasema alionyesha hesabu kwa vidole. Linalobishaniwa liwekwe mbele ya msikilizaji kama shauri mahakamani.

Chakula cha usiku wa kwanza kinafaa sana kwa namna hii ya tatu. Mpe msikilizaji meza ya anasa ya Dio, kete zikirushwa jirani na maiti. Mwache achukie. Kisha mwambie kwamba yupo mwandishi mwingine anayesema meza hiyo haikuwapo kamwe, na mkumbushe kwamba Dio alikuwa amemshambulia mtu huyohuyo mahakamani. Nani aaminiwe? Msikilizaji ambaye sekunde kumi zilizopita alikuwa na hakika sasa hana, na hali hiyo humweka macho kuliko mzaha wowote.

Usilifanye zaidi ya mara mbili katika kisa kimoja. Mara ya tatu watu huanza kuhisi kwamba hakuna kinachojulikana, nao huacha kujali.

Dalili ya kufaulu ni hii: msikilizaji wa majaribio anaweza kukuambia, bila kuangalia popote, jambo moja lenye hakika na jambo moja lenye utata.

## Hatua ya 8: Rekodi, jaribu, kata

Rekodi kisa chote bila kusimama, hata ukikosea. Kisha kisikilize ukiwa unafanya kazi nyingine, kama kuosha vyombo au kutembea, kwa kuwa ndivyo kitakavyosikilizwa na wengi. Mahali ambapo wewe mwenyewe umepotea pana sentensi ndefu mno au jina lililozidi.

Baada ya hapo wasimulie wale watu wawili, kila mmoja peke yake, ana kwa ana. Usiwaulize kama wamependa, maana kwa adabu watasema ndiyo. Muulize kila mmoja akusimulie kisa upya, na uandike anachokiacha. Alichokiacha mmoja kinaweza kuwa bahati mbaya. Walichokiacha wote wawili kinakatwa, hata kama kilikugharimu wiki nzima ya kusoma. Angalia pia mahali wanapochanganya watu: ikiwa baba mkwe na mnunuzi wamegeuka mtu mmoja, rudi hatua ya 3 kabla ya kugusa kitu kingine.

Andiko la dakika 30 huwa na maneno 3,000 hivi ukisoma kwa utulivu, ingawa kasi yako unaijua wewe. Likizidi, kata kwenye usuli, wala usiguse vidole, nyuso za maseneta, tembo na farasi.

## Ukitaka kisa cha pili

Baki katika mbinu hiyohiyo na ubadilishe siku. Mwaka 69, ambao Roma ilikuwa na watawala wanne, unazo siku kadhaa za namna hii na una mashahidi wazuri. Anayetaka kuifikisha dola hiyo hadi pwani yetu asome maelezo ya safari za Bahari ya Shamu (Bahari Nyekundu) na Bahari ya Hindi yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, yaitwayo Periplus, ambayo yanaitaja bandari ya Rhapta katika Afrika Mashariki pamoja na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa yaliyonunuliwa huko. Maelezo hayo hayana mauaji wala mnada, na shahidi ni mmoja tu, kwa hiyo safu ya tatu ya daftari itakuwa ngumu kujaza. Itabidi uweke humo yale ambayo wanaakiolojia wanabishania, kuanzia na swali la Rhapta yenyewe ilikuwa wapi.